Kipungu wa Mama Chambi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, Wadachi wakiwa bado ndio wenye amri katika boma la Handeni, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kutazama juu. Wenzangu walichunga mbuzi, walichota maji, walibeba wadogo zao mgongoni. Mimi nilikaa uwanjani kwa bibi yangu tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, nimekodolea mawingu macho, kwa sababu tulikuwa na watoto wanne wa mbwa na kulikuwa na ndege aliyewataka.

Wajukuu zangu wakinisikia hucheka. Mbwa, tena katika nyumba ya Waislamu? Nawaambia wanyamaze kwanza. Shamba letu la mihogo lilipakana na pori, na porini walijaa nungunungu. Nungunungu akishaonja shamba lako harudi tena kwao mpaka alimalize. Mbwa mkubwa hamuwezi, maana nungunungu akikimbizwa huingia shimoni na kugeuza miiba mlangoni. Baba yangu alikuwa na mbegu yake ya mbwa, wafupi, wembamba, wekundu kama udongo wa kwetu, aliyoirithi kwa baba yake naye. Hao waliingia shimoni. Hawakuingia ndani ya nyumba, na mahali walipolamba chombo Bibi alikisugua kwa udongo na kukisuuza mara saba huku akinung'unika, lakini bila wao tungelala njaa na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwaka ule baba hakuwepo. Jumbe alikuwa amemwandika pamoja na vijana wengine kwenda kukata mkonge katika shamba moja upande wa Mazinde. Alipewa kipande, ile kadi ya kazi, cha siku thelathini, na siku thelathini za Mdachi hazikuwa thelathini za mwezi, kwa sababu siku ambayo msimamizi hakuridhika haikutiwa alama. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Tulibaki Bibi na mimi, na mbwa jike mmoja mzee aliyekuwa na miiba miwili ya nungunungu begani isiyotoka. Huyo ndiye aliyezaa. Watoto wake walikuwa wadogo hata wawili waliingia katika kata moja ya kuchotea maji na nafasi ikabaki. Bibi aliniambia waziwazi kwamba hao ndio chakula chetu cha mwaka unaokuja, na kwamba yeye macho yake hayafiki tena mbinguni.

Wa kwanza alichukuliwa siku walipoanza kutoka nje, mchana kweupe. Nilisikia upepo umepita juu ya kichwa changu, nikaona kivuli ardhini, na watoto wa mbwa wakawa watatu. Ndege mwenyewe alikuwa kipungu, mkubwa kuliko mwewe, mweusi mgongoni, na miguu yake ina manyoya mpaka kwenye kucha. Nililia kwa sauti.

Bibi hakulia. Alizunguka uwanja akihesabu kuku. Tulikuwa na tembe mmoja, kuku jike mnene, na vifaranga wake tisa wakiparua karibu kabisa na pale mbwa walipokuwa. Wote tisa walikuwapo.

"Ndege mwenye njaa yake huchukua kifaranga," Bibi alisema. "Huyu amewaruka tisa akamtaka mbwa. Huyu ana mtu."

Kwa watu wasiokulia kwetu niseme maana yake. Wazee wetu waliamini kwamba ndege wako wa namna mbili, anayejiwindia na anayetumwa. Anayejiwindia huwaibia wote, leo kwako, kesho kwa jirani. Anayetumwa hujua uwanja mmoja na kitu kimoja, na humrudishia aliyemtuma, ambaye kwa kawaida hakai mbali. Kwa hiyo swali halikuwa tena tumzuieje ndege. Swali lilikuwa nani.

Na jibu lilikuwa limekaa upande wa pili wa ua wetu wa minyaa. Jirani yetu Mama Chambi alikuwa Mshambaa wa Bungu, aliyeolewa kwetu, akafiwa na mume, akabaki na mtoto wake mmoja wa kiume. Huyo Chambi alikuwa ameandikwa siku moja na baba yangu na walikuwa pamoja huko Mazinde. Ungedhani jambo hilo lingetuunganisha, na kwa kweli kabla ya hapo lilituunganisha. Kila asubuhi Mama Chambi alikuja na kigae kuomba moto, anakaa kidogo, wanaulizana na Bibi kama kuna habari za watoto wao, kisha anaondoka na kaa lake. Mimi alinipa ndizi za kukausha walizomletea ndugu zake kutoka milimani. Nilimpenda, sioni haya kusema.

Lakini shaka ikishapata pa kukaa hujitafutia ushahidi yenyewe. Bibi alianza kukumbuka. Asubuhi ya siku ile ile Mama Chambi alikuja kuomba moto, akawatazama watoto wa mbwa, akasema, "Wadogo hivi, na wazuri hivi." Nani husifu mbwa? Tena mti mrefu mkavu ambao kipungu alipenda kukaa ulikuwa nyuma ya nyumba yake, si nyuma ya nyumba ya mtu mwingine. Na watu wa milimani, kila mmoja pale kijijini alijua, wana dawa ambazo sisi wa bondeni hatuna hata majina yake. Mti ule ulikuwa mkavu kabla Mama Chambi hajaolewa, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka.

Bibi alikwenda kwa mganga mmoja, mwendo wa kutwa, akarudi na majivu meupe yaliyofungwa kitambaani. Kila asubuhi tuwapake watoto wa mbwa, tangu pua hadi mkia. Ndege wa kutumwa akitazama chini ataona umbo la kifo na atamrudia mwenyewe. Niliwapaka mimi kwa mikono yangu, na nilifurahi, kwa sababu walipendeza. Walikuwa weupe kama waliotumbukia kwenye unga, wakikimbia huku na huku juu ya udongo wetu mwekundu.

Kisha Bibi akawapa majina. Kwetu mbwa haitwi jina la hivi hivi, jina la mbwa ni barua. Kama una neno na jirani na huwezi kumwambia usoni, unampa mbwa neno hilo, na jioni unasimama uwanjani unamwita mbwa wako, nani atakukataza? Wa kwanza akaitwa Tunakujua. Wa pili akaitwa Utashiba Lini. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, Bibi aliniachia mimi, nami nikamwita Baki, kwa sababu nilitaka abaki. Jua likielekea kuzama Bibi alisimama karibu na minyaa akaita kwa sauti ambayo siku nyingine hakuwa nayo, Tunakujua, Tunakujua, njoo, na Utashiba Lini naye njoo. Upande wa pili nilisikia mchi wa Mama Chambi ukisimama kutwanga, kisha ukaendelea.

Asubuhi iliyofuata alikuja na kigae chake kama kawaida. Nilimsalimu shikamoo, na Bibi akanikata jicho. Akamwambia mgeni kwamba moto wetu umezimika. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa letu wakati anasema. Mama Chambi aliutazama moshi, akamtazama Bibi, akasema, "Haya, mama," akaondoka na kigae kitupu. Siku zile kibiriti kilikuwa kitu cha duka la Mhindi huko Korogwe, na kumnyima mtu moto kulikuwa kumwambia hana mwenzake kijijini. Nyumba ya pili nayo moto ulizimika, na ya tatu. Habari ilikuwa imeshatembea.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana nimeizungukia vya kutosha.

Kulikuwa na kelele njiani. Mzungu wa boma alikuwa anapita akibebwa kwenye machela, mbele yake askari wenye kofia nyekundu na mmoja akipuliza tarumbeta. Watoto wote walikimbia. Bibi alikuwa shambani. Niliwatazama watoto wa mbwa, wamelala kivulini chini ya ghala, nikajiambia nitarudi kabla hawajaamka. Nikakimbia na mimi. Mzungu alikuwa amelala kifudifudi anaumwa tumbo, hakuna cha kuona, lakini nilifuata tarumbeta mpaka ng'ambo ya kijito.

Nilirudi kwa njia ya nyuma, inayopita nyumbani kwa Mama Chambi, ili nisionekane. Nikamkuta amesimama chini ya mti mkavu, uso ameuelekeza juu, mkono ameuinua, anapiga kelele kwa Kishambaa. Kipungu alikuwa juu yake, anapanda hewani, na kitu cheupe kinaning'inia kwenye kucha. Mkononi Mama Chambi alikuwa na jiwe. Alilirusha, halikufika, akainama kuokota jingine. Hakuniona. Niliyaona yote hayo vizuri kama ninavyouona mkono wangu huu.

Nyumbani niliwahesabu, wakawa wawili. Tunakujua hakuwepo.

Bibi alirudi kutoka shambani akaniuliza nilikuwa wapi. Fimbo ilikuwa imechomekwa kwenye paa, niliiona hata kabla yeye hajaitazama. Nikamwambia nilikuwa hapa hapa. Akaniuliza sasa ndege alikujaje. Nikasema, "Nilimwona Mama Chambi chini ya mti. Alikuwa anaongea naye."

Sikusema uongo, nilijiambia usiku ule. Si alikuwa anaongea? Ila nililiacha jiwe.

Bibi aliketi chini polepole. Hakunipiga. Alinishika kichwa, akaniombea dua, akasema Mungu amenipa macho. Kesho yake wazee walikuja uwanjani kwetu, na mimi nikarudia maneno yangu mbele yao, na kila nilipoyarudia yalikuwa rahisi zaidi. Mmoja aliuliza alikuwa anasema nini na ndege. Nikajibu sijui Kishambaa. Wakatikisa vichwa, jibu hilo lilikuwa baya kuliko jibu lolote.

Kitu ambacho hakikufanyika ni kumwuliza mwenyewe. Nimekifikiria sana. Hawakumpeleka kwa akida, kwa kuwa waliogopa akida angempeleka boma na boma lingeita kijiji kizima. Hawakumwita barazani. Walimnyima tu moto, na wanawake wakaacha kwenda naye mtoni, na akipita tuliambiwa tusimame kando ya njia mpaka apotee. Mtu asiyeulizwa atajibu nini?

Siku alipoondoka nilikuwa uwanjani na watoto wangu wawili weupe. Alikuja na mzigo kichwani hadi penye minyaa, hakuvuka. Niliinua mikono kumziba Baki asimwone.

"Waoshe hayo majivu, mjukuu wangu," alisema. "Nimewatazama kutoka kwangu. Wanaonekana mpaka mbali."

Akasubiri kidogo kama nitasema kitu. Kisha akashika njia ya Korogwe kwenda kwao Bungu, mwanamke mzima peke yake, mwendo wa siku tatu kwa miguu yake. Mimi niliwaza nini? Niliwaza, ahaa, anataka niwaondolee dawa. Nikachukua kitambaa cha majivu nikawapaka upya, mara mbili ya kawaida yake.

Utashiba Lini alichukuliwa baada ya siku tatu. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka alipokuwa, namwangalia. Bibi alisema sasa anamtuma kutoka Bungu, hata milima haimzuii, na watu wakazidi kumwogopa alipokuwa hayupo kuliko alipokuwepo.

Wazee walikwenda kutazama nyumba yake. Nikawafuata. Mlangoni walikuta chungu kilichopasuka ukingo, kimejaa mawe ya mtoni, laini, ya kukaa mkononi. Na chini ya mti mkavu mawe mengine kama hayo yametapakaa kila upande wa shina, mengi, hayahesabiki. Wazee walisimama mbali. Mmoja alisema hilo ndilo zindiko lake, kauzungushia mti. Wakaitana kwa sauti za chini, wakayazoa kwa jembe bila kuyagusa, wakayatupa msituni huku wanasoma dua. Mawe kama yale hayapo kijijini kwetu, yako kijitoni tu. Alikuwa ameyabeba kidogo kidogo kila alipokwenda kuchota maji. Nilijua kila moja limerushwa kwa nani na kwa ajili ya nani. Nilikuwa na miaka minane na nililijua hilo kikamilifu, nikanyamaza.

Mvua zikaja. Majivu hayakukaa tena mwilini mwa Baki, nikipaka asubuhi saa nne yameshatiririka. Siku moja mvua imekatika, Baki amejilaza katikati ya uwanja, mwekundu juu ya udongo mwekundu, mimi nimesimama mlangoni nachambua mboga. Kipungu akaja. Akazunguka mara moja, akashuka, akazunguka tena chini kabisa mpaka nikaona jicho lake la manjano. Nilishindwa hata kupiga kelele. Alitafuta, nawaambieni, alitafuta mbwa aliyekuwa chini yake na hakumwona. Kisha akaenda kukaa kwenye mti mkavu, na hapakuwa na mtu wa kumtupia mawe, akakaa apendavyo.

Nilipomwambia Bibi kwamba ndege amempita Baki, alifurahi sana. Alisema dawa imeshaingia mwilini.

Baba alirudi mihogo ikiwa imechanua majani, yeye na Chambi pamoja, wamekonda, mikono yao yote imechanwa na mkonge. Chambi alikwenda moja kwa moja kwao. Tukamsikia akiita. Kisha akaja kwetu na kile chungu kilichopasuka, kwa kuwa wazee walitupa mawe lakini chungu waliogopa kukigusa, na ndani, chini kabisa, yalikuwa yamebaki mawe matatu.

Bibi akamwambia mama yake amerudi kwao. Akamweleza na kwa nini, kwa maneno ya kuzunguka, kama inavyoelezwa. Chambi alisikiliza hadi mwisho, akatoa jiwe moja akampa baba.

"Haya ni ya kufukuzia ndege," alisema. "Kwetu Bungu kila mwanamke anayelinda mtama anayo mlangoni."

Baba aliligeuza lile jiwe mkononi. Bibi akasema mtoto alimwona kwa macho yake anaongea na ndege. Basi wote watatu wakanigeukia. Baki alikuwa miguuni pangu anatafuna kamba.

Chambi alichuchumaa tukawa sawa kwa urefu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniuliza, "Mwajuma, mama alikuwa na nini mkononi?"

Fimbo ilikuwa pale pale kwenye paa. Nikasema, "Sikuona."

Alikaa hivyo hivyo kidogo, ananitazama. Nadhani alijua. Kisha akasimama, akamuaga baba, na jioni ile ile akaondoka. Hatukupata habari zao tena. Nyumba yao ilianguka mvua za mwaka wa pili, na mti mkavu ulianguka katika vita vya Mdachi na Mwingereza, askari waliukata kuni. Baki aliishi miaka tisa, aliingia mashimo ambayo hakuna mbwa aliyeyathubutu, na mihogo yetu ilisalimika. Tulikula. Sikuwahi kumeza muhogo wa shamba lile bila kumkumbuka mwanamke aliyefukuzwa kwa ajili yake.

Bibi alikufa akiamini. Mara nyingi nilitaka kumwambia, na mara zote nilijipa sababu kwamba ni mzee, kwamba itamwumiza. Sababu hizo hazikuwa zake, zilikuwa zangu. Mimi sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yeye, nakaa Korogwe, na nina shaka na watu kupita kiasi, wanangu wananisema. Mtu akisifu kitu changu bado moyo wangu unaruka. Lakini siku hizi kabla sijamshuku mtu hujiuliza kwanza nilikuwa wapi mimi, na nimeacha nini katika niliyoyasema.

Ndugu zake wa Bungu kama bado wapo, na kama Chambi alipata watoto, nawaomba wasikie jibu la swali lile, hata kama limechelewa hivi. Lilikuwa jiwe, Chambi. Mkono wa kulia. Nililiona.